Vigingi Vilivyohama

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada kanipa daftari hili. Kasema, "Kama huwezi kusema na watu, sema na karatasi. Karatasi haikukodolei macho." Niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga majivu. Kaapa hatalisoma. Sijui kama nimwamini. Nitalilaza chini ya godoro.

Mvua zimeanza leo. Mimi ni fundi wa zege. Tunajenga kituo cha afya, na sakafu yake imeinuliwa nusu mita kutoka chini ili maji ya mvua yasiingie ndani. Mbele kuna ngazi tatu. Pembeni ya ngazi utajengwa mteremko wa zege, wa watu wa viti vya magurudumu. Mmoja wao ni dada yangu. Amepata kazi pale, masjala, kutunza mafaili ya wagonjwa. Mganga mkuu wa kituo alimwambia hivi: "Siku ya kufungua, saa mbili kamili, kila mfanyakazi awe kwenye meza yake. Sitaki mtu wa kubebwabebwa. Wagonjwa wanatosha."

Dada mwenyewe hataki kubebwa. Kazi yake ya zamani ilikuwa na ngazi nane. Walinzi wawili walimbeba asubuhi na jioni, mwaka mzima, kama gunia. Siku moja wakamsahau juu, wakaondoka. Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, anavuta kiti nyuma yake. Kesho yake hakurudi tena.

Kazini sijamwambia mtu kuwa ni dada yangu. Kazini mimi simwambii mtu chochote. Wananiita Bubu. Nilipomwambia dada alicheka. "Wewe bubu, mimi kiwete. Mama alijua kuchagua."

Jumatano, tarehe 6

Leo kulikuwa na mabishano. Nyapara wetu anatembea na pimamaji kwapani kutwa, kama anajipima homa. Alipigilia vigingi vya mteremko, kuanzia mlangoni mpaka chini, mita nne. Akaja mama mmoja aliyechora jengo, sisi tunamwita Mama Ramani. Akafungua karatasi yake.

"Mchoro unasema mita sita, fundi. Sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda mbele."

"Mama, sita zinaingia kwenye maegesho ya mganga mkuu. Na ameshasema, mteremko ukigusa maegesho yake uhamie nyuma."

Nyuma ni kwenye mlango wa takataka. Unafungwa kwa komeo la ndani. Nikawaza, dada atakuwa anagonga kila asubuhi kama ombaomba.

Nyapara akajaza toroli mchanga, akalaza mbao kwenye urefu wa mita nne, akaniita. "Bubu, panda." Nikapanda na toroli bila kusimama. "Umeona, mama? Toroli la mchanga ni kilo mia. Mtu kwenye kiti ana kilo ngapi?" Sote tukacheka. Hata mimi nilicheka.

Mama Ramani aliandika kitu kwenye kidaftari chake, akanyamaza. Watu wanaoandika na kunyamaza nawaogopa.

Ijumaa, tarehe 8

Mvua kutwa. Hatukufanya kitu.

Jumatatu, tarehe 11

Nilifika wa kwanza, kama kawaida yangu. Vigingi viwili vya chini havipo mahali pake! Vimehama. Nilivihesabia kwa hatua: mita sita. Vimesimama katikati ya maegesho ya mganga mkuu.

Na kwenye matope kuna alama za magurudumu. Siyo toroli, toroli lina gurudumu moja. Hizi ni mbili, nyembamba, zinakwenda sambamba mpaka mwanzo wa mteremko, zinarudi getini. Nilimuuliza mlinzi nani kaja jana. Kwa mara ya kwanza nilimuuliza kitu. Akashtuka.

"Loo, Bubu kasema! Jana? Jana Jumapili, bwana. Aje nani?"

Aliangalia pembeni. Mtu mkweli hahitaji kuangalia pembeni.

Nikawaza sana. Kama mganga mkuu akikuta vigingi kwenye maegesho yake, mteremko utapelekwa nyuma. Aliyevihamisha anataka hicho hicho. Kabla wenzangu hawajafika nikaving'oa, nikavirudisha kwenye mita nne. Nikazikanyagakanyaga zile alama.

Nyapara alipofika aliangalia vigingi. Kisha akatuangalia sisi, mmoja mmoja, taratibu. Hakusema neno. Kwa nini hakusema?

Jumatano, tarehe 13

Nilikuwa nyuma ya rundo la kokoto. Nyapara alikuwa kwenye simu, kanipa mgongo. Alisema, "Mganga mkuu akija akikuta umekula maegesho yake, ataufuta wote. Ndiyo. Wewe mwache aje tu."

Mwache aje tu. Kwa hiyo ni yeye. Mtu niliyefanya naye kazi miaka mitatu, aliyenifundisha kushika mwiko.

Alhamisi, tarehe 14

Nyapara kanipa nusu ya chakula chake. Nimekula, lakini nilikuwa namwangalia.

Jumapili, tarehe 17

Nyumbani. Baada ya chakula cha mchana dada alitoka peke yake, kasema anakwenda kwa rafiki. Kuna rafiki gani kwenye mvua hii? Nilitaka kumsukuma mpaka barabarani, akakataa. Alirudi jioni, kalowa, viganja vimechubuka, anaimba.

Mama akamwambia, "Huyo rafiki yako anaitwa nani, matope?"

"Mama, nina miaka thelathini na moja."

"Nimeuliza jina, sikuuliza umri."

Dada akaomba maji, akaosha kiti chake kabla hajajiosha mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 18

Vigingi vimehama tena. Mita sita, pale pale. Na alama zile mbili. Safari hii sikuzifuta haraka. Nilichukua uzi wa kupigia tofali, nikaulaza kutoka alama moja mpaka nyingine, nikafunga fundo huku na fundo kule. Uzi nimeutia mfukoni. Nikimpata mwenye mkokoteni wa upana huo nimempata mwizi.

Nikavirudisha vigingi. Mita nne.

Nyapara alifika, akaangalia, akatema mate. "Hapa kuna mtu ana mkono mrefu," alisema. Alisema kwa wote lakini jicho lilikuwa kwa yule fundi wa rangi, ambaye ni shemeji wa mganga mkuu. Nikasema moyoni, huyu mzee anajua kuigiza.

Jumatano, tarehe 20

Nimepima mkokoteni wa muuza maji. Mpana mno. Nimepima wa muuza mkaa. Akaniuliza, "Unataka kuununua?" Nikakimbia.

Ijumaa, tarehe 22

Leo nyapara kajionyesha wazi. Saa kumi, tukiwa tunafunga kazi, alichukua nyundo, akahamisha vigingi mwenyewe mbele yetu sote. Mita sita. Akasema, "Kesho tunamwaga zege. Mtu akivigusa hivi nitamtia ndani ya zege na yeye."

Wote wakacheka. Sikucheka. Sitalala vizuri leo. Nikimwambia dada atasema nina wasiwasi wa bibi kizee. Nikimwambia Mama Ramani, nitaanzaje? Ulimi wangu mbele ya watu unakuwa kama soksi iliyolowa.

Jumamosi, tarehe 23

Naandika yote, maana leo nimefanya jambo.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Mvua ya usiku ilikuwa kubwa. Saa moja simu ikaita, ni nyapara. "Bubu, daraja limefunikwa na maji. Niko ng'ambo na siwezi kuvuka. Mashine ya kuchanganyia zege tumeazima, kesho inarudi kwa wenyewe. Leo wewe ndiye mkubwa hapo. Fuata vigingi kama vilivyo. Umenisikia? Kama vilivyo."

Nikasema, "Sawa."

Nilikata simu nikasimama mbele ya vigingi. Nikaona kama Mungu kamzuia yeye ng'ambo ili aniache mimi hapa. Nikaving'oa. Nikavirudisha mita nne, nikapima kwa futi mara tatu, nikafunga mbao za pembeni. Wenzangu walipokuja mmoja akasema, "Jana si ilikuwa mbali zaidi?" Mwenzake akamjibu, "Fupi ndiyo nzuri, utabeba kokoto chache. Fumba mdomo."

Tukamwaga. Mimi mwenyewe nililisawazisha, nikalipiga ufagio kwa kukatisha ili gurudumu lisiteleze likilowa. Mistari imenyooka kama daftari hili. Sijawahi kumwaga zege zuri namna ile. Tukalifunika nailoni kabla ya mvua ya mchana.

Nyapara nilimwambia kweli. Nilivifuata vigingi.

Jumapili, tarehe 24

Mvua kubwa. Dada hakutoka. Alikaa dirishani kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Jumatatu, tarehe 25

Daraja bado. Nyapara anapiga simu, anauliza, "Zege zuri?" Nasema, "Zuri." Tunapiga lipu vyumba vya ndani.

Alhamisi, tarehe 28

Daraja bado. Nimepita juu ya mteremko na toroli tupu, halafu na toroli la mchanga. Unapanda vizuri tu.

Ijumaa, tarehe 29

Gurudumu la kiti cha dada lilipata pancha. Nilikipindua kiti uani nikatoa mpira, nikaziba. Nilihitaji kamba ya kufungia breki, nikatia mkono mfukoni, nikatoa uzi. Ule uzi. Sijui kwa nini niliulaza juu ya magurudumu.

Fundo moja likakaa juu ya gurudumu hili. Fundo la pili likakaa juu ya lile.

Nilirudia. Nikarudia tena. Mama alipita na beseni akaniuliza, "Unakipimia kiti nguo?"

Sikuweza kumwangalia dada wakati wa kula. Aliniuliza, "Una nini?" Nikasema, "Sina." Akaniambia kuwa hata kunyamaza kwangu leo kumebadilika. Anafanya nini pale? Nani anamtuma? Kama wanamdanganya, kama wamemwahidi kitu ili aharibu njia yake mwenyewe? Nimemshuku nyapara, nimemshuku mlinzi, nimemshuku Mama Ramani na muuza mkaa. Sasa namshuku mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Jumapili, tarehe 31

Alitoka saa nane. Manyunyu. Nikamfuata kwa mbali, upande wa pili wa barabara, kofia usoni. Alisukuma kiti mwenyewe njia nzima. Kwenye kile kidimbwi cha kona mikono yangu ilinyooka yenyewe, nikaitia mifukoni.

Mlinzi alimfungulia geti akampigia saluti. "Mkurugenzi, karibu! Wiki iliyopita nilikungoja nikaota ukungu." Na kwangu alijifanya hakuna anayekuja. Nikaingia kwa upenyo wa mabati, nikajibanza nyuma ya matofali.

Mama Ramani alikuwa pale na mwavuli, kasimama mbele ya mteremko wangu. Hakumsalimia dada. Alisema tu, "Angalia walichofanya."

Dada aliangalia. "Huu siyo wetu. Wetu ulifika hapa." Akasogeza kiti mpaka mahali penyewe.

"Mita nne. Nyapara kanihakikishia aliacha vigingi kwenye sita. Aliniapia kwa simu."

"Basi kuna mtu hanitaki humu ndani," dada akasema. Alisema taratibu.

"Usijaribu. Kuna maji."

"Saa mbili ya siku ya kufungua maji hayatakuwepo? Acha nijaribu."

Alirudi nyuma kidogo, akaja kwa kasi. Mita ya kwanza akapanda. Ya pili akapanda, nikaona shingo yake inatoka mishipa. Ya tatu kiti kikaanza kunyanyuka mbele, yale magurudumu madogo yakaelea hewani. Mama Ramani akatupa mwavuli, akanyoosha mikono. Dada akapiga kelele, "Usinishike!" Kiti kikarudi nyuma, kikapinda, kikampindua kwenye matope.

Sikumbuki kutoka nyuma ya matofali. Nakumbuka nimempakata na yeye ananipiga kifuani.

"Niweke chini! Wewe umetoka wapi? Niweke chini nimesema!"

Nikamweka kwenye kiti. Mama Ramani akauliza, "Huyu si Bubu wa zege?"

"Huyu ni mdogo wangu," dada akasema, anafuta matope mdomoni.

Wakaniangalia wote wawili. Maneno yakaja yote pamoja. Nikasema ni mimi. Vigingi nimerudisha mimi, mara tatu. Zege nimemwaga mimi. Nikasema nilidhani nyapara anataka ufutwe, nilidhani nne zinatosha, toroli lilipanda, kilo mia, nililisukuma mwenyewe bila kusimama.

Mama Ramani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Toroli," alisema. "Toroli lina mtu nyuma."

Dada akafuta matope kwenye magurudumu. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Ningekuja naye. Ningemsaidia.

"Ndiyo maana nilikuficha," akasema. "Ukiwepo wewe hakuna mlima duniani. Tangu tukiwa wadogo mkono wako uko mgongoni mwangu. Nikikwambia acha, unaacha, lakini unabakiza kidole kimoja. Unadhani sikisikii? Mdogo wangu, miaka yote hii mimi sijui ninachoweza na ninachoweza kwa kidole chako. Huyu mama alipokuja kuniuliza nipande wapi na niweze nini, nikamwambia njoo Jumapili, mafundi hawapo, ndugu yangu hayupo. Tulilaza mbao. Kwenye nne nilianguka. Kwenye sita nilipanda. Peke yangu. Nilirudi naimba, hukunisikia?"

Nilimsikia.

Tulirudi pamoja. Nilitembea mbele yake ili nisimsukume.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Maji yamepungua, nyapara kavuka. Nilimngoja getini. Nilikuwa nimeyakariri maneno njia nzima lakini niliyasahau, nikamwambia tu, "Ni mimi." Akadhani nasalimia. Ikabidi nianze mwanzo.

Alinisikiliza, pimamaji kwapani. Nilingoja anifukuze. Akavua kofia.

"Wiki tatu nimemnunia shemeji wa watu, yule wa rangi. Nimemnyima hata chai. Kumbe ni wewe?" Kisha akakaa chini. "Siku ile uliponisikia kwenye simu nilikuwa naongea na Mama Ramani. Alishanipeleka kwenye zile mbao, nikakalia kiti cha magurudumu mwenyewe. Nilishindwa, Bubu. Mimi na mabega haya. Nikamwambia, huyo mganga mwache aje tu, mimi nitasimama naye."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie vipi? Nimewachekesha wote na toroli langu." Akanipa nyundo kubwa. "Haya. Ulilimwaga vizuri, sasa tuone utalivunja vipi."

Alhamisi, tarehe 4

Navunja. Zege langu ni gumu, najivunia na najilaani. Jana nyundo ilinipiga kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kucha imekuwa nyeusi. Yule wa rangi alikuja kunisaidia kubeba vifusi bila kuombwa. Bado najiuliza anataka nini.

Ijumaa, tarehe 5

Mganga mkuu alikuja. Akakuta mbao mpya zimeingia kwenye maegesho yake.

"Na gari langu litakaa wapi?"

Nyapara akasimama mbele yake. Mama Ramani akasimama na mchoro uliokuwa na sahihi ya mganga mwenyewe, mita sita. Nyapara akasema, "Mzee, gari lina mafuta, litazunguka. Huyu wako wa masjala anazungusha magurudumu kwa mikono."

Mganga akaangalia sahihi yake kama siyo ya kwake. Akasema, "Saa mbili kamili. Kwenye meza yake." Akaondoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Simwamini.

Jumamosi, tarehe 6

Tumemwaga. Mita sita. Nyapara alipima, mimi nikapima, Mama Ramani akapima. Nimelipiga ufagio.

Jumapili, tarehe 14

Reli za kushikia zimewekwa. Nilimwambia dada aje ajaribu. Kakataa. "Nitapanda siku ya kazi. Sitaki mazoezi mbele yako." Mbao siyo zege. Na kama haliko sawa? Kidole kimevimba. Kasema niende nikatibiwe. Nimesema nitangoja kituo kifunguliwe.

Ijumaa, tarehe 19

Mvua. Nimekwenda kuliangalia zege. Maji yanapita kwenye mistari ya ufagio. Nimekaa pale mpaka mlinzi kaniuliza kama nimehamia.

Jumatatu, tarehe 22

Leo kimefunguliwa.

Dada alikuwa getini saa mbili kasorobo, blauzi nyeupe, mfuko wa nailoni magotini kwa ajili ya manyunyu. Watu walikuwa wengi. Gari la mganga mkuu lilikuwa mbali, kwenye ukuta wa nyuma, na yeye alikuwa kasimama juu mlangoni anaangalia saa yake.

Nilichukua ndoo mbili za maji, moja kila mkono, kama mtu mwenye kazi. Nilisimama chini ya mteremko. Dada alizitazama ndoo. Akanitazama mimi.

Akaanza. Hakwenda kwa kasi. Mita ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu, pale alipoangukia, mikono yangu ikataka kunyooka na ndoo zikaivuta chini. Kwenye ya nne kiti kikayumba na mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani si mumsaidie?" na akapiga hatua. Nikasema, "Mwache." Nilisema kwa sauti. Kila mtu akageuka kuona nani kasema. Nyapara akamwambia jirani yake, "Ni Bubu."

Ya tano. Ya sita. Akafika juu, akamwambia mganga mkuu, "Shikamoo, daktari," akampita.

Nilimwaga maji ya zile ndoo kwenye ua, maana hakuna aliyeyahitaji. Kisha nikapanga foleni na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika nilikuta dirisha la masjala limechongwa chini, usawa wa mtu aliyekaa. Dada alikuwa upande wa pili na kalamu.

"Jina?" kaniuliza, kama hanijui.

Nikalitaja.

"Tatizo?"

"Kidole."

"Kipi?"

Nikamwonyesha.

Alikitazama muda mrefu. Aliinamisha kichwa juu ya faili na mabega yakawa yanatikisika, sikujua kama anacheka au vipi, na foleni nyuma yangu ikaanza kulalamika. Aliponyanyua uso alikuwa kashaandika.

"Chumba namba mbili," akasema. "Waambie wakifunge vizuri. Na wasikiharakishe kupona."